Barua za Wasomaji: Mzigo wa Wanaobeba Vilio vya Wengine

Mwezi huu zimefika barua nne zenye asili moja, ingawa waandishi wake hawajuani. Zinahusu watu ambao kazi yao, ya mshahara au ya kujitolea, ni kuandamana na waliopigwa, waliobakwa na waliotishwa majumbani mwao, kutoka hospitali hadi dawati la jinsia katika kituo cha polisi, na kutoka hapo hadi mahakamani. Majina tumeyaondoa na mambo yanayoweza kumtambulisha mtu tumeyabadili. Sikuzipa barua hizi nafasi sawa, kwa sababu uzito wake si sawa.

Jabali limepasuka

Shikamoo, Mama. Nina umri wa miaka 34 na huu ni mwaka wangu wa saba nikijitolea kuwasaidia manusura wa ukatili huku Likoni, Mombasa. Miezi miwili iliyopita nilimsindikiza mtoto wa miaka tisa hospitalini, nikakaa naye hadi alfajiri. Kesi ilifunguliwa, lakini kabla ya kusikilizwa wazee wa familia mbili walikaa maslaha, yaani kupatana nje ya mahakama, pesa zikapita mkono kwa mkono, na mtoto akapelekwa kwa jamaa mbali. Tangu hapo usingizi wangu ni wa vipande vipande. Juzi kwenye feri nilimwona baba amempakata bintiye, mtoto amelala begani na kiatu kimoja kimemvuka, nami badala ya kuona baba na mwana nikaanza kumchunguza yule mwanamume: mikono yake, macho yake, namna alivyomshika mtoto, hadi tukafika ng'ambo. Nilipoteremka niliona haya. Nyumbani sitaki kuguswa. Wenzangu huniita jabali, na msimamizi husema mimi ndiye mwenye roho ngumu kuliko wote, kwa hiyo naogopa kuwaambia kwamba jabali limepasuka. Je, ninaugua, au kazi imenishinda?
*Mtetezi, Likoni*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale penye kiatu cha mtoto. Kazi haijakushinda. Hali uliyoieleza inajulikana, imeandikwa na wataalamu kwa zaidi ya miaka thelathini, na inawapata hasa watu wanaoifanya kazi hii kwa moyo.

Mwaka 1990 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Lisa McCann na Laurie Anne Pearlman, waliandika kuhusu washauri wanaowahudumia waliodhulumiwa, wakaonyesha kwamba mtu anayepokea simulizi za mateso kwa muda mrefu huanza kubadilika yeye mwenyewe katika namna anavyouona ulimwengu: anavyowaamini watu, anavyojihisi salama, na anavyowakaribia wale anaowapenda. Kwa Kiswahili twaweza kukiita kiwewe cha kupokea, kwa kuwa tukio halikukufika wewe, bali umelipokea kutoka kwa aliyefikwa, likakaa nawe. Yule baba wa kwenye feri huenda ni baba mwema asiye na kosa lolote, nawe unalijua hilo, ndiyo maana uliona haya. Lakini miaka saba ya kesi imeyafundisha macho yako kutafuta hatari kabla ya kutafuta jambo jingine lolote. Kutotaka kuguswa nyumbani kunatoka chemchemi hiyo hiyo.

Hali hiyo ni tofauti na uchovu wa kazi, ingawa mara nyingi huandamana. Uchovu wa kazi hutokana na msongo wa muda mrefu usiodhibitiwa mahali pa kazi, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliutambua katika uainishaji wake wa magonjwa kuwa ni hali inayotokana na ajira, wala si ugonjwa. Dalili zake ni kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuhisi kwamba unachokifanya hakina faida. Nalitaja hili kwa sababu dawa zake hazilingani. Aliyechoka kwa wingi wa kazi hupata nafuu akipunguziwa kazi, lakini aliyebeba kiwewe anaweza kupewa likizo ya mwezi mzima, akaenda kukaa kwao Lamu, na bado akawa anaamka saa tisa za usiku akisikia sauti ya yule mtoto.

Kuna jambo la tatu katika barua yako, nalo umelipitia kwa sentensi moja tu: maslaha. Kwa muda niliowasikiliza watetezi wa hapa Pwani, nimekuja kuamini kwamba kinachowavunja zaidi si simulizi za manusura; ni kumwona mtu mzima akipokea bahasha, kisha kuambiwa kwamba mambo yamekwisha na wewe ndiye unayeleta fitina. Hasira yako ni ya haki na sitakuomba uitue. Sheria nayo iko upande wako, kwani kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya Kenya ya mwaka 2006 hakikuziachia familia uamuzi wa kusitisha uchunguzi au mashtaka. Kilimpa Mwanasheria Mkuu uamuzi huo, na tangu Katiba ya 2010 mamlaka ya kuendesha mashtaka yamo mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Hapa Mombasa, mahakama maalumu ya kesi za dhuluma za kijinsia ilizinduliwa Shanzu mwaka 2022. Kwa hiyo mpelekee mwendesha mashtaka taarifa ya mahali alipopelekwa mtoto, kwa maandishi, ukiwa na mwenzako mmoja, na ubaki na nakala. Kulifanya hilo ukiwa na mtu kando yako kutakupunguzia uchungu kuliko kuketi peke yako na hasira hiyo hiyo.

Sasa neno jabali. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mambo ya feri. Mtu akishaitwa jabali, huletewa kesi nzito kuliko wote, huulizwa hali yake mara chache kuliko wote, na siku akitikisika huona kwamba amewasaliti waliomsifu. Ustahimilivu ni jambo jingine kabisa. Waliokulia karibu na bandari ya zamani wanajua kwamba nahodha hangoji jahazi lijae maji ndipo alipandishe pwani. Hulipandisha likiwa zima, likakwanguliwa, likapigwa kalafati katika kila mwanya wa mbao, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Hakuna anayeliona jahazi lililopandishwa akasema ni dhaifu.

Kwa hiyo anza hivi. Chagua mwenzako mmoja, yule unayemwamini kuliko wote, si lazima awe msimamizi, umwambie sentensi ile ile uliyoniandikia mimi, kwamba jabali limepasuka. Ukishapata nguvu ya kumwendea msimamizi, omba usipewe kesi za watoto kwa muda, na utaje muda wenyewe, tuseme miezi miwili, kwa sababu ombi lisilo na kikomo huwatia watu hofu. Usisome ripoti wala kutazama picha za kesi saa za kulala. Ikiwa usingizi umekatika zaidi ya mwezi mmoja, na wewe umeshapita hapo, muone mshauri nasaha. Katika hospitali kuu ya Coast General kuna kituo kinachowahudumia manusura, nawe hukatazwi kuwauliza wanaowahudumia wateja wako mahali ambapo wao wenyewe huenda kusikilizwa. Dua na sala zina nafasi yake kubwa na usiziache, ila asikwambie mtu kwamba kwenda kwa mshauri ni upungufu wa imani.

Na ikiwa yamekujia mawazo ya kujidhuru, ambayo hukuyataja lakini nawaandikia pia wanaosoma kimya kimya, yasemeni leo, hospitalini au kwa mtu wa karibu. Wengi walinyamaza kwa kuogopa sheria iliyofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho, cha 226 katika Kanuni ya Adhabu, kinakiuka Katiba.

Kikao kinachotuacha wazito

Mama, salaam. Sisi ni watetezi tisa, wanawake saba na wanaume wawili, na baadhi yetu ni wahudumu wa afya ya jamii. Tangu mwaka jana tunakutana Jumamosi moja kila mwezi kwa mmoja wetu, tunakunywa chai kwa mahamri na mbaazi, na kila mmoja anasimulia kesi iliyomsumbua. Nia ilikuwa kupeana nguvu, lakini tunatoka wazito kuliko tulivyoingia. Mmoja akisimulia, mwingine huja na kubwa kuliko hiyo. Mbaya zaidi, habari za kesi moja zilitoka mle kikaoni zikamfikia mume wa manusura. Tuvunje kikundi?
*Mwanachama, Kisauni*

Msivunje. Badilisheni mnachokizungumza. Kikao chenu kimekuwa mahali pa kusimulia kesi, ilhali kinatakiwa kuwa mahali pa kuzungumzia mtetezi, na tofauti hiyo ndiyo kazi nzima.

Mwenzako akisimulia alivyoumizwa mteja wake, jeraha kwa jeraha, watu wanane wengine wanaondoka na picha ambayo hawakuwa nayo walipoingia. Françoise Mathieu, mtaalamu wa Kanada aliyefanya kazi kwa miaka mingi na wahudumu wa aina yenu, alipendekeza utaratibu ambao naupenda kwa sababu hauhitaji pesa wala mafunzo marefu. Kwanza mtu ajitambue anavyosimulia, kwani wengi wetu hatujui kwamba tunamwagia wenzetu. Pili, atoe tahadhari kabla ya kuanza. Tatu, aombe ruhusa na angoje jibu. Nne, aseme kiasi kinachotosha tu, akianzia pembeni mwa jambo badala ya kuanzia katikati ya kidonda.

Nilikaribishwa kwenye kikundi kimoja kinachofuata utaratibu wa namna hiyo, na jambo dogo nililoliona huko limebaki nami. Mwanamke mmoja alisema, "Nina jambo la wiki hii, lina mtoto ndani yake, na sitaeleza yaliyompata. Mna nafasi?" Watu wakatazamana. Kijana mmoja akajibu kwa upole, "Mimi leo sina, nisameheni," akainuka, akachukua birika, akaenda jikoni kutia maji, na hakuna aliyenung'unika wala kumuuliza kwa nini. Yule mwanamke akazungumza kwa dakika kumi hivi. Katika dakika hizo hatukujua jina, mtaa, wala kilichotendeka. Tulijua tu kwamba alirudi nyumbani akamfokea mwanawe kwa kumwaga uji, kisha akakaa sakafuni kando ya ule uji akalia, na mwanawe ndiye aliyekwenda kuchukua kitambaa. Hilo ndilo lililohitaji masikio yetu, nasi tulikuwa nalo la kumwambia, kwa sababu hakuna mmoja wetu ambaye hajawahi kumfokea mtoto kwa makosa ya mtu mwingine.

Mkutane mara mbili kwa mwezi ikiwezekana, kwa saa moja na nusu, kwani mwezi mzima ni muda mrefu wa kungoja. Tisa ni wengi kidogo. Mnaweza kugawana wanne na watano kwa nusu ya muda kisha mkakutana kwenye chai. Kiongozi wa kikao awe wa zamu, na kazi yake iwe kuangalia saa na kumzuia kwa adabu anayeanza kutoa mawaidha, maana mtu aliyechoka akipewa mawaidha hujiona mwanafunzi. Wanaume wenu wawili wapeni nafasi ya kweli. Mara nyingi hutumwa kuwakabili watu wakali na kuwasindikiza wenzao usiku, kisha hudhaniwa kwamba hawana hofu.

Jambo moja msilifanye: mtu anapotoka kwenye tukio la kutisha, msimkalishe siku hiyo hiyo na kumlazimisha asimulie yote ati atue mzigo. Desturi hiyo ilienea sana mahali pengi, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 kuhusu athari za msongo haupendekezi kikao cha namna hiyo kwa waliopatwa na tukio hivi karibuni, kwa lengo la kuwakinga na kiwewe. Mpeni chakula, mfikisheni nyumbani, mmoja alale kwake ikibidi, na asimulie atakapotaka mwenyewe.

Kuhusu siri iliyovuja, sitalipunguza uzito. Uhai wa mtu uliwekwa hatarini. Kabla ya yote hakikisheni kwamba manusura yule yuko salama na kwamba ameambiwa ukweli wa yaliyotokea, hata kama kumwambia kutawaaibisha. Kisha mkumbuke kwamba Mombasa ni ndogo. Kuondoa jina hakutoshi. Ukisema "mama mmoja wa Majengo anayeuza leso, mumewe ni dereva wa tuktuk," umeshataja jina. Picha, fomu za hospitali na fomu za P3, zile za polisi za kueleza majeraha, zisipite kabisa katika kikundi chenu cha WhatsApp, kwani mbali na uaminifu kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayozipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Na mkubaliane mapema mambo ambayo siri haitayafunika: mtu akisema anataka kujiua, au mtoto akiwa hatarini, jambo hilo litatoka kikaoni, na aliyelisema ataambiwa kabla halijatoka.

Simu ya saa nane za usiku

Mke wangu ni mtetezi wa wanawake wanaopigwa. Simu hulia saa nane za usiku, huamka, na baadaye namkuta ameketi jikoni gizani. Nikimuuliza, ananiambia sitaelewa. Je, nimtake aiache kazi hii?
*Mume, Changamwe*

Ndugu yangu, anaposema hutaelewa, huenda maana yake ni kwamba hana ruhusa ya kukueleza, kwa sababu siri ile si yake. Usimuulize kilichotokea. Muulize anataka nini kwa saa hiyo: maji ya moto ya kuoga, chai, au mtu wa kuketi naye bila maneno. Washa taa ndogo ukae naye. Neno la kuacha kazi lisitamkwe usiku. Mchana, mkiwa mmetulia, zungumzeni kuhusu simu yenyewe, kwa kuwa hakuna binadamu anayeweza kupokea simu kila usiku wa mwaka, na ofisi yake inaweza kupanga zamu. Usiku usio wa zamu yake, wanaopiga waelekezwe kwa nambari ya 1195, ambayo hupokelewa bila malipo saa zote, au 116 kwa mambo ya watoto. Nakushukuru kwa kuandika; wanaume wachache huandika kuuliza namna ya kumsaidia mke aliyechoka.

Bajeti haina nafasi

Ninasimamia shirika dogo lenye wafanyakazi na wajitoleaji kumi na wawili. Ninaona wanavyochoka, lakini wafadhili hulipia warsha na mabango, hawalipii mapumziko. Pia, dada mmoja aliyekuwa mteja wetu miaka miwili iliyopita ameomba kujitolea. Wenzangu wanasema manusura hafai, ataanguka. Nifanye nini?
*Msimamizi, Mvita*

Nianze na pesa, kwa kifupi. Wafanyakazi wako walioajiriwa wana haki ya siku zisizopungua 21 za likizo yenye malipo kila baada ya miezi 12 ya kazi, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, na mara nyingi tatizo si bajeti bali ni msimamizi anayewapigia simu wakiwa likizoni. Wajitoleaji sheria hiyo haiwahesabu, lakini wewe unaweza kuwahesabu. Kuwatuma watu wawili wawili kwenye kesi nzito hugharimu nauli ya pili tu. Saa moja ya mshauri nasaha kutoka nje ya shirika, kwa kila mfanyakazi kila mwezi, iandike katika pendekezo la mradi kama sehemu ya gharama ya kumhudumia manusura, si kama zawadi kwa wafanyakazi, na usiiondoe mfadhili anapokuomba upunguze. Ondoa bango. Kumbuka pia kwamba zile siku 16 za kupinga ukatili, kutoka tarehe 25 Novemba hadi 10 Desemba, huwatoa watetezi wote barabarani na majukwaani huku kesi zikiendelea kuja. Pangeni mapumziko ya Desemba kabla ya Novemba kufika.

Sasa dada yenu. Wenzako wanazungumza kana kwamba manusura wako nje ya mlango wenu wakiomba kuingia. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15, na asilimia 13 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Katika watu kumi na wawili ulio nao, haielekei kwamba hakuna hata mmoja. Wapo, wamenyamaza, na sasa wamesikia wenzao wakisema kwamba manusura ataanguka, kwa hiyo watazidi kunyamaza. Hilo linanihuzunisha kuliko swali lenyewe la kumpokea.

Kunusurika hakumzuii mtu kuwa mtetezi mzuri wala hakumfanyi awe mzuri moja kwa moja. Nimewaona ambao manusura wengine huwafungulia moyo kwa dakika tano, na nimewaona ambao kila kesi huwa kesi yao, wakamlazimisha mteja kuondoka kwa mumewe kabla hajawa tayari, kwa kuwa wao walichelewa kuondoka. Hicho ndicho cha kuangalia: je, anaweza kumsikiliza mwanamke anayeamua kurudi nyumbani, bila kumkasirikia? Mpe miezi mitatu akiandamana na mtetezi mzoefu, aanze na kazi za mchana kama vile kumsubiri mteja kliniki au kujaza fomu, na asipangiwe kesi inayofanana na yake hadi atakaposema mwenyewe kwamba yuko tayari. Asiombwe hata siku moja kusimulia yaliyomfika mbele ya wafadhili au kamera.

Kabla ya kumpangia lolote, mketishe faraghani umuulize mambo mawili: ni nani atakayempigia simu siku kazi itakapomgusa kidonda, na ni ishara gani angependa mwenzake aitambue ili ampokee kesi bila maswali. Andikeni majibu yake, naye abaki na nakala. Kisha wiki inayofuata waulize maswali hayo hayo wale kumi na wawili, mmoja mmoja, ukianza na wewe mwenyewe.